Siku Niliyokwenda Kutafuta Sandwichi

Bordesley Green,
Jumamosi, jioni.

Neema mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako. Baba yako amesinzia kwenye kochi na televisheni ndiyo inayomtazama yeye. Nimefuta meza, nimekaa, na kama nakujua vizuri nina saa mbili kabla hujarudi ukiuliza kuna nini cha kula.

Kesho treni inakupeleka chuoni Aberdeen. Mambo ya koti, dawa na nambari za simu baba yako ameyaandika kwenye karatasi akaibandika mlangoni pa friji, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikitumia Kiingereza nasikika kama mtu anayejaza fomu. Najua utasoma polepole, midomo ikitembea. Neno likikushinda, liruke. Maana utaikuta mbele.

Nataka kukusimulia habari ya mkate na nyama. Usicheke. Ndani yake kuna jambo nililopaswa kukuambia ulipokuwa na miaka tisa.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilifanya kazi Malindi, kwenye duka la Signora Pina, mjane wa Kiitaliano aliyeuza nyama baridi, jibini, na zeituni zilizolowekwa kwenye ndoo. Malindi ina Waitaliano wengi hata wauza nyanya sokoni hutaja bei kwa Kiitaliano. Nilikuwa na miaka ishirini, binti wa Kigiriama aliyekulia sima na mchicha. Siku ya kwanza Signora aliponionjesha mortadela, soseji yao nene, nilisubiri ageuke nikaitemea kwenye leso yangu. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina madoa meupe ya mafuta, nami nilidhani ni nyama mbichi. Mwezi haukuisha kabla sijaanza kuiota.

Alinifundisha kukata. Mashine ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, nyekundu, nzito kama ndama. "Nyembamba, Sidi," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa. "Mimi taka ona dirisha." Aliinua kipande mbele ya macho yake, na kama hakuliona dirisha kupitia kwacho, kilikwenda kwa paka. Mwaka wangu wa kwanza paka yule alinenepa sana.

Mikate ililetwa na kijana mmoja kutoka kwa mwokaji, kwa baiskeli, kapu kubwa limefungwa nyuma. Jina lake Charo. Ndiyo, yeye huyo anayekoroma hapa. Kila saa saba mchana Signora alifunga mlango wa mbele, akachukua mkate mmoja wenye gamba gumu, akaupasua, akaumwagia mafuta ya zeituni na siki, kisha akapanga salami, mortadela, nyama ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, na pilipili zilizolowekwa kwenye siki. Aliukata vipande vitatu. Tulikaa watatu kwenye ngazi ya nyuma, tukala bila maneno mengi. Baba yako alinichumbia kwenye ngazi ile, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Signora akitafuna alikuwa akitikisa kichwa. "Nzuri," alisema. "Si kama kwetu." Alisema hivyo kila siku ya Mungu, nami sikumsikia hata mara moja.

Tulipofika hapa Birmingham ulikuwa na miaka minane. Baba yako alikuwa ametangulia mwaka mzima, akifanya kazi kiwandani kule Washwood Heath, na alikuwa ametuandalia nyumba hii, mapazia na kila kitu. Nikapata kazi jikoni pale hospitali. Hatukuwa na shida ya kumliza mtu. Ndiyo maana naona aibu kukuambia kwamba nililia, tena kwa ajili ya sandwichi.

Ilikuwa wiki ya pili. Niliona supamaketi pakiti ya pembe tatu iliyoandikwa kwamba ni sandwichi ya Kiitaliano, nikaifungua pale kituoni pa basi. Mkate ulikuwa kama sifongo iliyolowa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vinene vya nyama, vinateleza, na juu yake mchuzi mweupe, mtamu. "Mungu wangu," nikasema kwa sauti, "hiki ni kitu gani?"

Mzee mmoja Kalasinga, kilemba kichwani, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aligeuka. "Ni chakula cha hapa, mama," akanijibu kwa Kiswahili safi cha Kisumu. "Utazoea."

Sikuzoea. Nilikataa kuzoea, na kosa langu lilianzia hapo. Kila nilichokiona nilikipima na Malindi, na kila nilichopima kilipungua. Nyanya hazikuwa na harufu. Mvua ilinyesha kama mtu anayelalamika chini kwa chini. Hata jua likitoka nilisema limechelewa. Nilidhani namwambia baba yako peke yake. Sikuona kwamba ulikuwa ukikaa kwenye zulia na daftari lako, masikio wazi.

Halafu mwalimu wako akaniita. Aliniuliza tunarudi Kenya lini. Nikamwambia haturudi, nani kasema tunarudi? Akaniangalia kwa upole. "Neema anakaa peke yake saa za kucheza," alisema. "Anasema mama yake haipendi Birmingham, kwa hiyo hakuna haja ya yeye kutafuta rafiki."

Mwalimu aliniambia pia kwamba amegundua una sauti nzuri, na amekupa ubeti wa kuimba peke yako kwenye tamasha la shule, ili watoto wenzako wakujue. Ijumaa, saa nane mchana. Baba yako alikuwa na zamu asiyoweza kuibadilisha. Nikakuahidi mimi nitakuja. Ukaniuliza mara tatu, na mara zote tatu nikasema ndiyo.

Ijumaa hiyo nilimaliza kazi saa nne asubuhi. Nikiwa navua aproni, mwenzangu mmoja akataja duka la Mwitaliano upande wa pili wa mji, kupita Lozells, linalokata nyama mteja akitazama. Niliangalia saa. Nikajiambia mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi, nitafika shuleni mapema hata kuchagua kiti. Nilitaka kurudi na kitu mkononi. Nilijidanganya kwamba nakwenda kwa ajili yako.

Duka nililipata saa sita imeshapita. Lilikuwa dogo, lina harufu niliyokuwa nimeikosa mwaka mzima. Nyuma ya kaunta alikuwa Mzee Tonino, ambaye wewe ulikuja kumjua vizuri, lakini siku hiyo kwangu alikuwa mzee tu mwenye masharubu meupe. Nikaagiza sandwichi. Akaanza kukata, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa kulia. Vipande vilikuwa vinene kama soli ya ndara.

Nikamwambia, nyembamba zaidi. Akakata tena. Nikavikataa. Akakata mara ya tatu, na mimi, mbele ya wateja wake, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote, "Mzee, huku si kukata nyama. Huku ni kupasua kuni."

Aliifunga ile sandwichi kwenye karatasi polepole, kona moja, kona ya pili, akanisogezea.

Niliila nje, nimesimama. Mkate ulikuwa laini na nyama ilinishinda kutafuna, lakini nilikuwa nimefumba macho nikiitafuta Malindi ndani yake, na basi langu likaja likapita. La pili lilichelewa. Nilipofika shuleni ilikuwa saa tisa na robo.

Ukumbini walikuwa wakikusanya viti. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya jukwaa na gauni lako la njano, mwalimu pembeni yako. Baadaye yeye ndiye aliyeniambia kwamba ilipofika zamu yako mpiga piano alirudia mwanzo mara mbili, kwa sababu ulikuwa ukitazama mlango na hukuanza. Kisha ukaimba, ukamaliza.

Ulisimama uliponiona. Hukulia. "Mum, what happened?" uliniuliza.

Nikakujibu pale pale, bila kusita, "Basi liliharibika."

"It's okay, Mum," ukasema. "It's not your fault." Ukanishika mkono kunifariji, na kidole changu kilikuwa bado kina mafuta ya zeituni.

Neema, basi halikuharibika.

Nimeliandika sasa. Uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili. Ila ulikufanya wewe, mtoto, uwe wakili wangu. Baba yako alipouliza jioni ile kwa nini sikufika, ni wewe uliyemjibu kabla yangu, ukayalaumu mabasi ya mji huu kwa hasira. Mwaka jana nilikusikia ukimsimulia rafiki yako jikoni jinsi mama yako alivyokwama njiani. Ulinitetea miaka tisa kwenye kesi ambayo nilikuwa na hatia.

Mtu wa kwanza kumwambia ukweli alikuwa Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, uliyekuwa ukishinda kwake nikiwa kazini. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumrudishia sufuria, nikaanza kulia mlangoni. Akaniketisha.

"Mama Neema, weye unalia juu ya mukate?" akaniuliza.

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha hata jinsi yule mzee alivyokata, mkono mmoja umeshika mwingine. Hapo Mama Furaha akaacha kuchambua mboga.

"Ngoja. Kwa nini alikuwa anashika mukono wake?"

Nikaushika wangu tena, kama alivyoushika yeye.

"Mikono yake iko inatetemeka, ule muzee. Yeye ni mugonjwa, mama. Ulimutukana mugonjwa mbele ya bantu." Akarudi kwenye mboga zake. "Kesho uende umuombe pardon. Na mutoto? Mutoto utamuambia lini?"

"Kesho," nikasema.

Kwa mzee nilikwenda. Kwako sikuja. Kwake ilikuwa rahisi zaidi, maana hakunipenda na sikuwa na kitu cha kupoteza.

Nilimkuta peke yake, anafuta kioo. Nilisimama mbele ya kaunta nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno yangu ya Ijumaa. Akakiweka kitambaa chini. "Ulisema kweli," akasema. "Kuni. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikata, miaka arobaini. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga soga na wateja." Alikuwa amemzika mwaka uliotangulia, na mikono yake ilianza kutetemeka kabla hata ya mazishi. Wateja wa zamani walikuwa wakinunua nyama nene na kumshukuru. Mimi ndiye niliyemwambia ukweli.

"Wewe unajua kukata?" akaniuliza.

Nikamwambia najua.

Akavua aproni yake akaiweka juu ya kaunta. Nikanawa mikono, nikaingia nyuma, nikakata. Alikichukua kipande cha kwanza, akakitandaza juu ya gazeti lake, akainama akasoma kichwa cha habari kupitia kwacho. Kisha akajipangusa masharubu, akaenda stoo, akakaa huko kitambo kirefu. Aliporudi aliniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Kwa hiyo ndivyo nilivyoanza kazi ya Jumamosi kwa Mzee Tonino. Wewe uliikuta imeshakuwa kazi, ukafanya hesabu zako juu ya pipa lake la zeituni, hukuwahi kuuliza ilianzaje. Lakini uliwahi kuuliza kwa nini ananiita Mama Kuni. Alinifanya nimfundishe neno lenyewe kwa Kiswahili siku ile ile, na hakulisahau mpaka alipohamia kwa binti yake. Sasa unajua.

Mwezi ule ule nilinunua kadi ya simu Lozells nikampigia Signora Pina. Nilitaka kujigamba. Nikamwambia nimepata nyama kama yako, Signora, ile ile, hata harufu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kama yangu? Sidi, mortadela yangu ilikuwa ikifika Malindi imechoka! Ndege, gari, joto. Miaka thelathini mimi kula, miaka thelathini mimi sema, si kama kwetu."

"Basi kwa nini ulikula kila siku?" nikamuuliza.

"Kwa sababu saa saba njaa iko," akasema, "na wewe na Charo mlikuwa nachekesha mimi."

Kadi ikaisha hapo. Kumbe ile ladha niliyovuka nayo dunia, niliyoitumia kuupima mji mzima na kuukataa, kwa Signora mwenyewe ilikuwa mbadala tu. Alikuwa ameikosa ya kwao, akala iliyokuwepo, pamoja na watu waliokuwepo. Nami nilikuwa nimekaa naye ngazi moja nikidhani tunakula kitu kimoja.

Ilibaki mkate. Mkate wenye gamba lile sikuupata popote, na baba yako akasema ataoka mwenyewe. Nikamwambia, "Wewe mikate ulikuwa unaibeba tu kwa baiskeli." Akasema aliibeba kwa makini. Unaikumbuka mikate yake ya mwanzo? Wa kwanza tuliutumia kuzuia mlango usijifunge. Wa nne ulikuwa na gamba zuri na ndani uji. Aliendelea Jumapili baada ya Jumapili, unga mpaka kwenye nyusi, na siku ulipotoka wa sawasawa aliuweka sikioni akalisikiliza gamba likipasuka, akatuita wote tuje tusikilize.

Jumapili hiyo tulimwalika Mzee Tonino. Mama Furaha alikuja na mwanawe Furaha na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, kwa sababu alisema hawezi kuiamini siku bila sombe. Nilikata nyama, baba yako akapasua mkate, tukaibana meza hii hii sote sita. Mzee akauma. Sote tukangoja.

"Mkate si sawa," akasema. Akatafuna. "Si sawa kabisa." Akasogeza sahani apewe kipande kingine.

Wewe na Furaha mlicheka mpaka mkateremka chini ya meza. Ulikuwa ukizitoa pilipili zako moja moja na kuziweka kwenye sahani ya mzee, naye akizila bila kusema kitu. Mvua ilikuwa ikinyesha. Niligundua imeanza zamani nami sikuwa nimeisema vibaya.

Sandwichi nzuri ndiyo hiyo, mwanangu. Niliipata, na ilikuwa tamu. Na tangu kiwanda kifungwe baba yako anaoka karibu kila siku, nami naweza kusema bila kujitahidi kwamba nimeridhika hapa. Nisingependa kuwa mahali pengine jioni hii.

Sikuambii usitamani nyumbani. Utatamani, na kitakachokuliza kitakushangaza. Huenda ikawa harufu ya basi la hapa, au sauti ya Mama Furaha ikipenya ukutani. Ukila kitu kibaya huko, sema ni kibaya, lakini tazama kwanza mikono ya aliyekikata. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usiseme kesho. Mimi nilisema kesho, na kesho yangu imekuwa kubwa, imemaliza shule, inaondoka na treni.

Sikuwepo ulipoimba. Nilikuwepo mahali nilipochagua. Ulinisubiri, nami nilikuwa nakula. Nisamehe, Neema. Kama huwezi leo, nitangoja. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, kwa lugha yoyote. Hasira yako ni haki yako na nimekunyima muda mrefu.

Barua hii nilikusudia kuificha katikati ya nguo zako, uifungue ukiwa umeshafika mbali. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi asubuhi, chai ikiwa mezani, na nitakaa kiti cha mbele yako, sitanyanyuka kuosha hata kikombe, mpaka ufike kwenye mstari huu.

Umefika. Inua uso, mwanangu. Niko hapa.

Mama yako,
Sidi